Kijiko Kinachoanguka Mara Ishirini

Mtoto wa miezi tisa amekaa mkekani, bakuli la uji mbele yake, bibi pembeni. Kijiko kinaanguka. Bibi anakiokota, anakisuuza, anamrudishia. Kinaanguka tena. Mara ya tatu mtoto hatazami kijiko, anamtazama bibi. Mara ya nane anacheka kabla hajakiachia. Ikifika mara ya ishirini nyumba nzima imejaa mlangoni, na hakosekani wa kusema: "Mtundu huyu, kafanana na baba yake."

Si utundu. Kuachia kitu kwa kukusudia ni kazi ngumu kwa kiganja kidogo. Mtoto aliyezaliwa juzi ukimwekea kidole kiganjani hukifumba kwa nguvu inayoshangaza, lakini kukiachia kwa hiari hawezi. Humchukua karibu miezi tisa mpaka vidole vifunguke pale anapotaka yeye. Na katika umri huohuo anagundua jambo la pili: kitu kikitoka machoni hakijapotea duniani. Kwa hiyo anafanya majaribio mawili kwa kijiko kimoja. Je, vidole vinanitii? Je, kile kilichoenda chini bado kipo? Bibi akikirudisha, jibu ni ndiyo, na jibu tamu hurudiwa. Sauti nayo ina raha yake: sakafu ya saruji inalia kama kengele, mkeka unasema puu, zulia halisemi kitu. Mwangalie anavyosogea pembeni ya mkeka kutafuta saruji.

Dawa ya hapo ni vijiko viwili. Kimoja chake cha kuangusha, kimoja chako cha kulishia, na hivyo mlo unaendelea wakati majaribio yanaendelea. Bakuli liwe zito, la udongo au la bati nene, maana la plastiki jepesi litafuata njia ya kijiko. Tandika kitenge kikuukuu chini. Ukimaliza unakikunja na uji wake ndani, unakwenda kukikung'uta nje, na kuku wa jirani watakushukuru. Usikifunge kijiko kwa kamba ili kisifike mbali. Kamba ndefu na shingo ya mtoto havikai pamoja.

Lakini kabla ya kuangushwa, uji wenyewe hurudishwa. Huo ni mkasa wa mtoto wa miezi sita, siku ya kwanza ya kulisha, ambayo ndugu wengi huisubiri kama sherehe. Mama anapeleka kijiko, mtoto anakipokea kwa heshima zote, halafu ulimi unautoa uji wote taratibu mpaka kidevuni. Mama anaukusanya, anaurudisha. Ulimi unautoa. Watu wanasema hapendi. Ukweli ni kwamba mtoto huzaliwa na ulimi wenye kazi ya ulinzi: chochote kisicho maziwa kikigusa ncha yake hukisukuma nje, asikabwe. Ulinzi huo hufifia kati ya mwezi wa nne na wa sita, na kwa wengine unabaki siku chache zaidi. Weka kiasi kidogo, nusu ya kijiko cha chai, katikati ya ulimi badala ya kwenye ncha, kisha ngoja afumbe midomo mwenyewe. Usimkwangulie uji kwenye ufizi wa juu. Anayekwanguliwa anameza bila kujifunza kuvuta kwa midomo.

Uji wa Dodoma una bahati ya kuwa na uwele, mtama, karanga na ubuyu vyote karibu. Kosa linalofanyika sana ni kuupika mwepesi mno, wa kunywewa kwenye chupa, kwa sababu hautapakai sana na hushuka haraka. Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza maji, linashiba kabla mwili haujapata kitu. Kipimo ni kijiko chenyewe: kiinamishe, uji ubaki, usichuruzike kama maji. Vijiko vinne vya chakula vya unga, vilivyosawazishwa, kwa kikombe kimoja na robo cha maji (ml 300 hivi) vitakupa uzito huo. Koroga unga kwanza na maji ya baridi usifanye mabonge, uchemshe kwa robo saa. Kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa laini kiingie dakika za mwisho. Unga wa ubuyu uliochujwa, kijiko cha chai, uingie baada ya kuepua na si jikoni, maana moto huharibu vitamini C iliyomo, na vitamini hiyo ndiyo inayosaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye nafaka.

Na hapo utapata kituko kizuri kuliko vyote vya mwaka wa kwanza: uso wa ubuyu. Macho yanafumbwa, mabega yanapanda mpaka masikioni, mwili mzima unatetemeka, unadhani utatupiwa bakuli. Kisha mdomo unafunguka wazi, unaomba kingine. Uso ule ni jibu la ulimi kwa uchachu, nao hutokea hata kwa mtoto ambaye ladha hiyo ataipenda maisha yake yote. Kwa hiyo usiuamini uso, uamini mdomo. Ladha mpya huenda ikahitaji kuonjwa mara nane au kumi kabla mtoto hajaizoea, na familia nyingi hukata tamaa mara ya tatu.

Uji mzito ukimshinda kumeza, usiongeze maji, tumia kimea cha ulezi. Loweka ulezi usiku mzima, umwage maji, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili mpaka uote, anika juani mpaka ukauke kabisa, saga. Uji ukishapoa kiasi cha kidole kuvumilia, tia kijiko kimoja cha chai cha unga huo, koroga. Ndani ya dakika chache uji uliosimama kama ugali unalegea mbele ya macho yako, kwa sababu kimea kinakata wanga vipande vidogo, na chakula chote kinabaki mlemle. Urudishe motoni uchemke mara moja, umpoozee mtoto. Mtama nao huota vizuri, ila machipukizi yake yana sumu. Ukiutumia, uyapukuse yote na mizizi kabla ya kusaga. Kwa mtoto mimi ningebaki na ulezi.

Neno moja zito katikati ya kicheko. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi yaliyoshikwa na ukungu. Kuchemsha hakuiondoi. Unga wa lishe unaochanganya nafaka tano na karanga juu yake unaongeza milango ya sumu hiyo kuingilia, wakati nafaka moja au mbili zinamtosha mtoto. Nunua punje, usinunue unga. Zimwage kwenye ungo, utoe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, karanga zenye mikunjo na ukungu, ndipo upeleke mashineni. Chochote ulichokitoa usimpe kuku. Asali mtoto asionje kabla ya kutimiza mwaka, hata ya kupaka ulimini, kwa kuwa huweza kubeba vijidudu ambavyo utumbo wake bado hauna nguvu ya kuvizuia. Karanga nzima na ubuyu wenye kokwa ni vya kukaba. Avione kwa mbali.

Kiasi: akitimiza miezi sita anza na vijiko viwili au vitatu vya chakula, mara mbili kwa siku, ziwa likiendelea. Kufika mwezi wa nane awe kwenye nusu kikombe cha ml 250, mara mbili hadi tatu. Kuanzia wa tisa, nusu kikombe hicho mara tatu hadi nne, na kitu cha kushika mkononi kama kipande cha ndizi au kiazi kitamu. Mlenda nao ni rafiki wa mtoto wa Dodoma, unateleza wenyewe. Ila mwache ashike ugali laini akauchovye kwa mkono wake uone: mlenda una nyuzi, na nyuzi hizo zitatoka bakulini, zitapita kidevuni, zitafika kwenye nywele za yeyote aliyembeba.

Kinachoingia lazima kitoke, na hapa ndipo familia zinapopata hadithi za kusimulia mpaka harusini kwa huyo mtoto. Nepi ikifunguliwa, mtoto wa kiume hurusha mkojo. Wa kike pia, ila wake unakwenda chini, hauna shabaha. Kinachotokea ni kwamba hewa ya baridi inagusa ngozi iliyokuwa na joto, na kibofu kinabana. Fungua nepi upande wa mbele kidogo, hewa iingie, uifunike tena uhesabu mpaka kumi. Kama kipo, kitatoka ndani ya nepi ileile iliyokwisha chafuka. Baada ya hapo weka kitambaa kidogo juu wakati unasafisha. Mjomba anayetaka kumbusu tumbo asubiri.

Kliniki mambo ni hayohayo, mbele ya watu zaidi. Mtoto anavuliwa, anavishwa kisuruali cha mizani, ananing'inizwa kwenye ndoano, mshale unacheza, muuguzi anasubiri utulie aandike kwenye kadi, na wakati huohuo mkojo unashuka. Akina mama walio kwenye benchi huangua kicheko kwa sababu kila mmoja yalimkuta. Nenda na kanga mbili: moja ya kumfunga akishateremshwa, moja ya kufutia. Kisuruali unachokwenda nacho mwenyewe, kisafi, ni bora kuliko cha kuazima kilichopokea mkojo wa watoto kumi. Usihofu kama siku za kwanza uzito ulishuka. Mtoto mchanga hupungua kidogo wiki ya kwanza, kisha hupanda, na kwa kawaida kwenye miezi mitano uzito wa kuzaliwa umekwisha kuwa mara mbili.

Haja kubwa ina ratiba ya kushangaza. Wiki za mwanzo anaenda kila akinyonya, maana tumbo likipokea maziwa utumbo wa chini hupewa taarifa utoe nafasi. Baada ya wiki sita hivi, mtoto anayenyonya tu anaweza kukaa siku kadhaa bila kwenda, akiwa mzima, anacheka, tumbo laini. Nyumba inaingiwa na wasiwasi, bibi anataja mafuta ya nyonyo. Msimpe. Kama anatapika, tumbo limevimba au hataki kunyonya, hapo mpelekeni kituo cha afya; kama hana lolote kati ya hayo, mngojeeni. Siku itafika, na mara nyingi itakuwa Jumapili, kavaa nguo nyeupe, mko kwenye daladala ya kwenda Sabasaba, na itapanda mgongoni mpaka shingoni kwa sababu amekaa na njia pekee iliyo wazi ni ya juu. Fulana ya mtoto yenye mabega yanayopishana ilishonwa hivyo kwa ajili ya siku hiyo: shingo yake inapanuka, unaivuta kushuka chini kupitia miguuni, huipitishi kichwani. Beba nepi tatu, kitambaa chenye maji, na chombo chenye mfuniko cha kuwekea uchafu, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019.

Nepi za kitambaa Dodoma zina maadui wawili. Wa kwanza ni maji ya visima, ambayo yana chumvichumvi na hayatoi povu. Ukiongeza sabuni ili povu lije, sabuni hiyo inagandana na madini ya maji, inabaki kwenye kitambaa, na nepi inakauka ngumu kama ubao, inachubua mapaja. Tumia sabuni kidogo, suuza maji matatu, zifikiche kwa mikono zikishakauka. Msimu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, kinga ndoo chini ya bati. Maji ya mvua ni laini, na nepi za msimu huo zinajulikana kwa kuzishika tu. Adui wa pili ni upepo wa Agosti mpaka Oktoba. Nepi isiyobanwa kwa vibanio viwili itaondoka kambani, itatua uani na kurudi imejaa mbigili. Pitisha kiganja nepi nzima, mbele na nyuma, kabla ya kumfunga mtoto, halafu pasi ya moto juu yake. Pasi inaua mayai ya yule nzi anayetaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, ambaye funza wake huingia kwenye ngozi.

Usingizi ni kichekesho cha aina nyingine, kinachochekesha asubuhi tu. Mtoto analala fofofo mgongoni kwa dada karibu na mashine ya kusaga inayonguruma, wanawake wanaongea kwa kupaza sauti, pikipiki zinapita. Mnafika nyumbani, analazwa, kitanda kinalia ti, macho yanafunguka. Ngurumo ya mfululizo inafanana na alichokisikia tumboni kwa miezi mingi, basi inambembeleza. Mlio mmoja wa ghafla unamshtua, mikono inaruka pande zote mbili kama anayeanguka. Mshtuko huo wa mikono ni wa kuzaliwa nao na huisha kati ya mwezi wa tatu na wa sita.

Tena mtoto mchanga huanza usingizi na ule mwepesi, wa kope kuchezacheza na midomo kutabasamu. Ukimlaza wakati huo utarudia kazi. Ngoja dakika kama ishirini, kisha nyanyua mkono wake kwa vidole viwili uuachie. Ukidondoka kama kamba iliyolowa, tayari. Teremsha miguu kwanza, halafu makalio, mgongo, kichwa mwisho, kwa sababu kichwa kikitangulia anahisi anaanguka. Kiganja chako kibaki kifuani pake dakika mbili zaidi. Alale chali, bila mto wala mablanketi yaliyorundikwa. Ndani ya mbeleko uso uonekane, pua isibanwe mgongoni, na magoti yawe juu kidogo kuliko makalio, miguu imekumbatia kiuno.

Mavazi nayo yanahitaji kutetewa. Juni na Julai usiku wa Dodoma unabana kweli, na sweta lina haki yake. Lakini mchana wa Oktoba utakutana na mtoto mwenye kofia ya sufi, soksi, na shali juu, uso umeiva, analia, na abiria watatu wanamwambia mama amfunike zaidi kwa sababu ana baridi. Gusa nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho, vua. Mikono na miguu ya mtoto hupoa hata akiwa na joto la kutosha, haifai kuwa kipimo. Nguo moja zaidi ya uliyovaa wewe inatosha.

Kwenye miezi minane au tisa huja siku ya shangazi. Ametoka Dar es Salaam kwa treni, ana zawadi, amepiga simu kila wiki, anafungua mikono mlangoni, na mtoto anaangua kilio kana kwamba ameona fisi. Shangazi anaumia, mama anaona aibu. Mtoto sasa anazijua sura zake, na sura isiyo kwenye orodha ni hatari mpaka ithibitishwe. Shangazi akae chini mkekani, asimtazame usoni, aongee na mama, kitu kinachong'aa kiwe mkononi mwake. Ndani ya robo saa mtoto atakuwa amekifuata mwenyewe.

Na sura ikibadilika, ni mgeni. Baba aliyenyoa ndevu kinyozini, mama aliyefumua rasta, babu aliyevua miwani: wote hukataliwa nyumbani kwao. Sauti haijabadilika, kwa hiyo baba aanze kuongea akiwa bado nje, aimbe kama huwa anaimba, ndipo aingie. Afadhali zaidi ndevu zinyolewe nyumbani mbele ya mtoto, upande mmoja kwanza. Uso wa mtoto anayemtazama baba mwenye nusu ya ndevu unafaa kupigwa picha.

Wakati huohuo bibi anamwita mjukuu wa kiume "mume wangu", anamlalamikia hajaleta hela ya sukari, na babu anamwambia binti wa miezi mitano kwamba mke gani huyu hapiki. Mtoto akiwa amepewa jina la babu yake, mama anajikuta akimwita mwanawe "baba" na kumwomba kwa upole, "Baba, naomba usiume." Mtoto anacheka kwa sababu nyuso zinacheka, nayo ni sababu tosha, kicheko cha sauti kilianza kwenye mwezi wa tatu au wa nne na tangu hapo anajua kukitafuta. Neno la kwanza likija kuwa "baba", mama aliyekesha miezi kumi asinung'unike. B, m na d ni sauti za midomo na ulimi zilizo rahisi, na lugha yetu imezijaza ukoo mzima: baba, mama, dada, bibi. Wiki hiyohiyo mbuzi akipita uani ataitwa baba pia.

Akishasimama dede, mwezi wa kumi hivi, ndoo zote za maji zifunikwe au zitolewe sakafuni, hata zenye maji ya kina cha kiganja. Kichwa chake ni kizito kuliko miguu, akichungulia ataingia, na hatapiga kelele. Vitu navyo vitaanza kuhama. Anachukua kitu, anatafuta chombo chenye mdomo, anatumbukiza, anatoa, anatumbukiza, halafu anasahau na kuondoka. Funguo ziko kwenye birika. Rimoti iko kwenye ndoo ya unga. Watu wa Dodoma wana desturi ya kukung'uta viatu asubuhi kabla ya kuvaa, kwa sababu ya nge. Nyumba yenye mtoto wa miezi kumi na moja, kiatu kikikung'utwa kinatoka kipande cha ugali mkavu, kibanio kimoja cha nguo, na kile kijiko.